Bomba Lililojaa Halisemi

Fundi Bomba alikuwa akisalimia bomba kwanza, watu baadaye. Ukimkuta njiani asubuhi ukasema, "Shikamoo Fundi," anakuinulia kiganja kama trafiki, maana yake ngoja. Kisha anainama, anaweka ncha moja ya kijiti chake juu ya bomba, ncha nyingine anaisogeza sikioni, anafumba macho. Wewe umesimama na ndoo kichwani, inzi anakutembelea puani, mikono yote miwili imeshika ndoo. Yeye anasikiliza tu. Akimaliza ndipo anaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" kana kwamba salamu umeitoa sasa hivi.

Kijiti chenyewe kilikuwa cha mti wa mbuni, wa kahawa, kimelainika kwa kushikwa mpaka kinang'aa. Hakumwazima mtu yeyote.

"Linasemaje leo?" tulikuwa tunamuuliza.

"Likisema ni baya. Bomba lililojaa halisemi. Ukisikia linaguna, linakohoa, ujue tumboni mna upepo. Debe tupu si mnalijua?"

"Tunalijua, Fundi."

"Basi na bomba ni ndugu yake."

Yeye ndiye aliyekuwa mtunza maji wa kijiji chetu, upande wa Masoko: kutoka kwenye chanzo kule juu ya kilima, palipokuwa na banio la saruji la kukusanyia maji, mpaka vituo vitano vya kuchotea vilivyoshuka hadi bondeni. Wazee walimwita Mswahili, kwa kuwa alikuwa Mwislamu na watu wake walitoka pwani zamani. Akina mama walimwita Fundi. Jina lake la kweli nilikuja kulijua nikiwa mkubwa, na mpaka leo nikilisikia naona kama ni la mtu mwingine.

Kutunza maji Rungwe ni kazi ya kuchekwa. Kwetu mvua si habari. Watu wa huku tunaanika nguo kwa matumaini. Sasa mtu akikwambia ufunge koki vizuri usipoteze maji, unamwona kama anayekukataza kupumua ovyo. Kuna mzee mmoja alimwambia mbele za watu, "We Mswahili, unafunga koki, na Kyala amefungua mbingu. Hapo nani atashinda?"

Watu wakacheka, Fundi naye akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, hata akichekwa yeye. Kisha akajibu, "Mvua ni mgeni, baba. Chemchemi ndiyo mwenyeji. Mgeni akishaondoka, utakula kwa nani?"

Na huyo mgeni alikuwa ameanza tabia. Zamani, walivyosema wakubwa, kiangazi chetu kilikuwa kifupi kama likizo. Miaka ile kikaanza kujinyoosha. Mvua inachelewa, halafu ikija inamwaga ya wiki nzima kwa siku moja, inabeba udongo na vitunguu vya watu, inaondoka. Wazee walisema hali ya hewa imeharibika, wakaishia hapo, kwa sababu hali ya hewa haina mlango wa kugongea.

Lakini yeye mwenyewe, ambaye alisema mvua ni mgeni, alivaa koti la mvua mwaka mzima. Koti la kijani, refu, limetoboka mgongoni. Jua kali, koti. Ijumaa akiteremka msikitini Tukuyu anavaa kanzu nyeupe, juu yake koti, chini gambuti. Mama yangu alimuuliza siku moja, "Fundi, hilo koti linakukinga na nini leo?" Akasema, "Na maneno ya watu." Alikuwa na majibu ya namna hiyo. Mengine hayakuwa majibu.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilifunguliwa. Maduka ya Tukuyu yalijaa, ukiwa na pesa unapata chochote, sabuni za rangi tatu, mabomba ya plastiki yamekunjwa kama nyoka. Lakini gari la serikali lililokuwa likija na mafundi na vipuri likaacha kuja. Tukaambiwa maji ni yenu, undeni kamati, mjitunzie. Babu yangu, mzaa baba, akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na kiti cha kukunja. Fundi akabaki na spana yake na vipande vya mpira wa tairi vya kufungia palipopasuka.

Uhuru huo ulileta na biashara ya mboga. Malori yalikuja mpaka njia panda kuchukua kabichi na viazi, basi watu wakashuka mabondeni kulima kiangazi. Kabichi ya kiangazi inataka maji. Siku moja Fundi alisikia kwa kijiti chake bomba linapiga mluzi mwembamba. Akaufuata mluzi mpaka kwenye shamba la jirani yetu, ambaye sisi tulimwita Baba Kabichi, akakuta tundu la msumari, na mfereji mdogo safi umechongwa kwenda kwenye matuta. Mwenyewe yupo, ameshika jembe, hana pa kukimbilia.

Fundi hakugomba. Alichuchumaa, akaipapasa kabichi moja kama anapapasa kichwa cha mtoto. "Hizi zina afya," akasema. "Zina mwili kuliko watoto wa kituo cha tano."

Akaondoka. Kesho yake tulimkuta Baba Kabichi mwenyewe anafunga lile tundu kwa mpira, na hatujui nani alimtuma.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa makosa ya wengine, mpole. Kwa makosa yake mwenyewe alikuwa mgumu, na hapo ndipo hasa ninapotaka kufika. Lakini kwanza lazima niseme habari ya Mama na Babu, la sivyo hamtaelewa.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamtazami, hazungumzi naye, hapiti njia moja naye. Siku hizi wengine wameacha, lakini Mama na Babu, ingawa wote walikuwa watu wa kanisa, hawakuacha. Ilikuwa heshima yao. Babu akikaribia kona ya migomba anakohoa makusudi, kikohozi kirefu, kama lori linalopiga honi mlimani. Mama akikisikia anajitupa pembeni, anajifunika kitenge. Nyumba zao zilikuwa hatua chache, na katika miaka kumi na mbili hawakuwahi kuambiana hata habari za asubuhi. Babu akitaka kumshukuru kwa ugali ananiambia mimi, "Mwambie mama yako ndaga fijo," naye Mama yuko nyuma ya ukuta anasikia.

Fundi alipoanza kazi hakuyajua hayo. Kwa kumheshimu Babu, kituo cha tatu alikiweka mbele ya uwanja wake, pazuri, peupe. Miezi miwili kituo kinang'aa, na wanawake wa ukoo wetu wote wanateremka mtoni. Fundi akadhani ni uvivu wa kujifunza jambo jipya. Akawahutubia hata kanisani, yeye Mwislamu, alisimamishwa baada ya matangazo akasema maji ya bomba hayang'ati. Watu wakashika midomo. Mwishowe bibi mmoja akamvuta koti. "Mwanangu, wewe umeweka maji mdomoni mwa mkwe. Sisi tukachoteje?"

Fundi akajipiga kofi la paji la uso, pwaa, tukasikia wote. Juma lile lile alichimbua kituo peke yake, akakihamishia nyuma ya mianzi, mahali ambapo Babu hapiti. Tangu hapo, kabla ya kuweka kitu chochote cha maji alikuwa anauliza akina mama kwanza: nani anamwogopa nani hapa? Na tangu hapo Mama akawa rafiki yake. Kila alipokagua kituo cha tatu walipiga soga, mmoja anafunga koki, mwingine anajaza ndoo.

Sasa habari ya milingoti.

Nilikuwa darasa la pili ilipokuja kampeni ya miti. Fundi alikwenda Tukuyu kwa miguu, akarudi na miche ya milingoti, ile ambayo wengine wanaiita mikaratusi, ameibeba kwenye beseni kichwani, koti limelowa mgongo mzima. Alirudia safari hiyo mara nyingi. Akatupanga watoto wa shule kukizunguka chanzo, kila mtoto na mche wake, akasema, "Huu ni wako. Ukikua, na wenyewe unakua. Miti ndiyo inayoita maji." Wangu ulikuwa wa nne kutoka kwenye banio. Kwenye mkuyu mkubwa wa zamani, upande wa kushoto, hakupanda, kwa sababu pale pana mawe.

Ile miti ilikua kama imeitwa. Tulipofika darasa la sita ilikuwa inatuchungulia kutoka juu, myeupe, imenyooka, inanukia kama dawa ya kifua. Mimi nilikuwa nakwenda kuegemea wangu nikiota nyumba yangu ya baadaye, yenye koki ndani, jikoni kabisa, na dirisha la kuangalia mlima. Wageni wakija kijijini Fundi anawapeleka kuitazama kabla ya chai. "Hawa wote watoto wangu," anasema. Alikuwa hana mtoto, kwa hiyo hakuna aliyemtania hapo.

Fundi alikuwa na namna yake ya kupima maji. Kila baada ya swala ya Ijumaa alipanda kwenye chanzo, anatega debe chini ya bomba la kutokea, anatoa tasbihi yake na kuanza kusogeza punje moja moja, taratibu, mpaka debe lijae. Wakristo tulimtania kwamba anasalia maji. Mwanzoni debe lilijaa kwenye punje ya kumi na moja. Alitangaza kama matokeo ya mpira: "Kumi na moja! Hatujafungwa!"

Halafu akaacha kutangaza.

Mimi sikugundua. Aliyegundua ni Mama, kwa sababu shamba lake la magimbi lilikuwa karibu na chanzo na alimwona. Tasbihi ilikwenda mpaka ishirini. Mwaka uliofuata ikamalizika yote thelathini na tatu, akaanza tena. Kituo cha tano kikakauka, kisha cha nne. Watoto wa bondeni wakarudi kuchota mtoni, kwenye maji ambayo ng'ombe wameshayapita. Wengine wakaugua matumbo. Fundi alipoulizwa alisema ni kabichi, watu wanatoboa mabomba. Au ni mvua. Kabichi ilikuwa kweli, mvua ilikuwa kweli, lakini si hapo palipomuuma, na nadhani alijua.

Asubuhi ya mkutano wa kijiji tulikuwa kituo cha tatu, mimi na Mama. Koki inadondosha tone, inapumzika, inadondosha. Fundi akaja, akaweka kijiti.

"Linasemaje?" Mama akauliza.

"Linalia."

"Fundi, nikuambie kitu usinikasirikie?"

"Nani amewahi kukukasirikia wewe?"

"Chini ya ule mkuyu kwenye mawe bado pana maji. Panalowa hata leo. Nimechota kikombe nikanywa. Pale kwenye milingoti yenu nimechimba mpaka kiwiko, vumbi. Na kijichemchemi kilichokuwa kwenye magimbi yangu kilikauka mwaka ule ule miti ilipopita kimo cha nyumba." Akaisogeza ndoo chini ya tone. "Inakunywa, Fundi. Ile miti inakunywa."

Fundi alikichomoa kijiti sikioni. Uso wake ulibadilika nikaogopa.

"Mama, wewe umesoma mambo ya miti?"

"Sijasoma. Nalima pale."

"Kwa hiyo niliowabeba kichwani ndio wezi?"

"Mimi nimesema nilichokiona. Mkutanoni siwezi kusimama, mwenyekiti ni mkwe wangu, unajua. Nimekuambia wewe. Ukitaka lizike."

Fundi aliondoka bila kuaga, koti linapepea, na Mama akasema, "Nimempoteza rafiki kwa ndoo ya maji, na ndoo yenyewe haijajaa."

Mkutano ulikuwa na mambo mawili, na yote yalikuwa yameshaamuliwa kabla watu hawajakaa. La kwanza, Baba Kabichi na wenzake wa bondeni wafukuzwe mashambani, maana ndio wanaokausha maji. La pili, ipandwe milingoti mingine, mingi zaidi, kuzunguka chanzo chote mpaka kwenye mkuyu. Miche ilikuwa tayari kwenye viriba nyuma ya ofisi. Babu alisimama kando ya kiti chake cha kukunja, akamwita Fundi aeleze utaalamu wa miti. Mama na wakwe wengine walikuwa nyuma ya migomba, wanasikiliza kama kawaida. Mimi nilikuwa katikati, kwenye nyasi.

Fundi alisimama. Akavua koti. Sijawahi kumwona anavua koti hadharani. Alilikunja vizuri, akaliweka chini, akaonekana mdogo.

"Kabichi zinaiba maji," akasema, "nami nimezikamata. Lakini kabichi zinaiba kwa msumari. Kuna anayeiba kwa pipa." Akaelekeza kidole juu kilimani. "Ni milingoti. Niliileta mimi. Tasbihi imeniambia miaka miwili sasa, nikaikalia. Tukiipanda mingine, tutabaki na kivuli."

Kelele zikapanda. "Si wewe uliyesema miti inaita maji?" "Leo hutaki watoto wako?" Baba Kabichi peke yake ndiye aliyekuwa kimya, mdomo wazi.

Babu akapiga kiganja mezani. "Mswahili. Jambo hili umelitoa wapi?"

"Kwa mtu aliyechimba mpaka kiwiko, tata. Mtu huyo hawezi kusimama mbele yako."

Nikasikia migomba ikisuguana. Babu alielewa. Alitazama kule nyuma mara moja, haraka, akaondoa macho. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo linazungumzwa kwetu. Alikohoa. Kikohozi kile kile kirefu, cha kona ya migomba. Akachukua kiti chake cha kukunja, akakigeuza, akakaa akiupa mkutano mgongo, anatazama ukuta wa ofisi.

"Mwenyekiti haoni mtu," akasema, ukutani. "Anasikia tu. Aliyechimba aseme."

Mama alitoka migombani akiwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Alieleza habari ya mkuyu, ya vumbi, ya magimbi. Hakusema mengi. Alipomaliza akarudi migombani, na Babu akauambia ukuta, "Mwambieni ndaga fijo." Sikujua kama ananiambia mimi, lakini nilikuwa nalia, nisingeweza.

Wanaume sita walipanda kwenda kuchimba wenyewe ili wahakikishe. Walirudi na vumbi mikononi. Milingoti ikakatwa mwezi huo, Baba Kabichi akiwa wa kwanza kushika shoka. Wa kwangu ulianguka upande wa jua. Fundi hakukata hata mmoja, alikaa kwenye jiwe la mkuyu amewapa mgongo, kama Babu.

Nisidanganye kwamba maji yalirudi kesho yake. Kiangazi kile chote tuliteseka. Baadaye wakapanda mivengi, miti yetu ya asili inayotunza maji, na matete, wa mabondeni wakapewa siku zao za kumwagilia, mbili kwa wiki. Mwaka wa pili tasbihi ikashuka hadi ishirini na tisa. Kumi na moja haikurudi, nasikia haitarudi, kwa sababu yule mgeni bado ana tabia zake. Lakini kituo cha tano kikafunguka, na Fundi alipanda juu ya banio akapiga kelele kama mtoto, "Tumetoka sare!"

Mimi nilimaliza la saba, nikajifunza cherehani, sasa nashonea watu Tukuyu, barazani kwa mama mmoja wa vitenge. Nyumba yenye koki jikoni bado naijenga kichwani, imefika kwenye linta. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Mama. Babu amekwisha kufariki, lakini Mama bado hapiti mbele ya uwanja wake. Akaniambia, "Panda juu kamsalimie mtu wako, leo Ijumaa."

Nilimkuta amepiga magoti kati ya visiki, koti la kijani, panga mkononi. Mlingoti ukiukata haukubali, unachipua tena kisikini, machipukizi laini ya rangi ya fedha. Alikuwa anayafyeka moja baada ya jingine. Nikasema shikamoo. Hakuinua hata kiganja. Nikasema tena, kwa nguvu. Nikamgusa bega, akashtuka, akanitazama mpaka akanijua.

"Mlingoti wa nne!" akasema kwa sauti kubwa mno, ya watu wasiojisikia. "Umekuwa mama mtu mzima!"

Akanionyesha sikio lake, akatikisa mkono: limekwisha. Kisha akacheka. "Siku hizi kwangu mabomba yote yamejaa. Hakuna linalosema."

Nilicheka naye, halafu nikashindwa kuendelea. Aliona. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kile kijiti cha mbuni, akanipa. Nilikishika kama yai. Akanionyesha bomba pale linapotoka kwenye banio, akasimama mbele yangu akiutazama uso wangu, kwa kuwa masikio yake sasa yalikuwa usoni kwangu.

Nikainama. Nikaweka ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni, nikafumba macho. Nilisikia damu yangu mwenyewe, na mbali kidogo kunguru. Nikangoja. Nikangoja tena, kama alivyokuwa akiningojesha na ndoo kichwani.

Nilipofumbua macho alikuwa ameliacha panga, mikono yote miwili ameishika kifuani.

Nikatikisa kichwa taratibu, ili aone vizuri. Halisemi. Halisemi kitu.

"Alhamdulillahi," akasema, akapiga magoti tena, akashika chipukizi lililofuata.

Nikavua viatu. Kisiki cha nne kilikuwa na machipukizi mengi.